Samansi Isiyofika: Nasaha kwa Wapeleka Hati na Makarani wa Mawakili

Hotuba iliyotolewa Kanduyi mbele ya wapeleka samansi, makarani wa mawakili na mawakala wa uchaguzi kutoka Bungoma na Kitale



Nimeombwa niseme juu ya kazi ambayo hakuna aliyewahi kutungiwa wimbo kwa kuifanya. Jaji hujulikana kwa joho lake, na wakili kwa ulimi wake. Mpeleka samansi hujulikana kwa vumbi la viatuni, na afikapo bomani mbwa humtambua kabla ya mwenye boma. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba katika nchi hii kesi nyingi zimekufia mikononi mwetu kabla jaji hajalifungua jalada. Nyingine zimeshinda kwa uongo wetu, na hilo ni baya zaidi.

Mtauliza, jarida la watetezi wa vyama vingi lina haja gani na mambo ya samansi? Nianze basi na kesi iliyo kubwa kuliko zote.

Uchaguzi mkuu wa Desemba 1997 ulipokwisha, Daniel arap Moi alitangazwa kuwa rais kwa mara nyingine, na Mwai Kibaki wa chama cha Democratic akawa wa pili. Mapema mwaka 1998 Kibaki alifungua kesi ya kuupinga ushindi huo. Sheria ya uchaguzi, kama ilivyokuwa imerekebishwa mwaka 1997, ilitaka kesi ifunguliwe, na mdaiwa akabidhiwe nakala yake, ndani ya siku 28 tangu matokeo kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Haikueleza akabidhiwe kwa njia gani. Upande wa Kibaki ulitegemea tangazo lililochapishwa katika Gazeti hilo Rasmi. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ilisema tangazo halitoshi, kwamba Moi alipaswa kukabidhiwa hati yeye mwenyewe, na mwezi Desemba mwaka uo huo Mahakama ya Rufani ikaafiki. Kesi ikatupwa nje. Hakuna shahidi aliyepanda kizimbani, wala fomu ya kituo cha kura iliyofunuliwa mbele ya majaji. Malalamiko yote yale, yawe ya kweli au ya uongo, yaliishia kwenye swali moja: je, karatasi ilifika mkononi?

Wapo waliosema, na bado wasema, kwamba mtu hawezi kumkaribia Rais mwenye walinzi wenye bunduki ili ampe karatasi ya kumshtaki. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini haikuiokoa kesi. Mimi, kwa kuwa nimekula chumvi nyingi katika kazi hii, hujiuliza jambo dogo la kikarani: ingekuwaje kama katika jalada lile kungekuwamo hati ya kiapo ya mtu mmoja tu asemaye, "Tarehe fulani, saa fulani, nilifika kwenye lango fulani nikiwa na hati, nikamweleza mlinzi nilichokileta, akanizuia kwa maneno haya na haya, nikarudi kesho yake, nikazuiliwa tena"? Huenda matokeo yangekuwa yale yale. Huenda la. Lakini majaji wangelazimika kuliangalia lango lile na walinzi wale.

Kabla ya hapo, kesi ya Kenneth Matiba ya kuupinga uchaguzi wa 1992 ilikuwa imekwama kwa sababu hati ilitiwa saini na mkewe, aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kumwakilisha, ilhali Matiba mwenyewe alikuwa ameharibikiwa na afya kizuizini. Basi chaguzi mbili za kwanza za vyama vingi, baada ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991, zilipita bila mahakama kusikiliza hata mara moja kiini cha malalamiko juu ya kiti cha urais. Mara ya kwanza ilikuwa saini, mara ya pili ikawa makabidhiano. Haya mawili yote ni mambo ya meza ya karani.

Sasa nishuke kutoka Ikulu hadi upande wa Chwele, maana huko ndiko nilikofanya kosa langu mwenyewe, na ni haki mlisikie kutoka kinywani mwangu.

Ilikuwa katika miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa wakili mmoja hapa Bungoma, na nilipewa samansi ya kesi ya shamba nimpelekee mdaiwa. Nilipanda bodaboda ya baiskeli hapa hapa Kanduyi, na jua lilikuwa kali. Nilipofika sokoni niliuliza, "Fulani mwana wa fulani yuko wapi?" Watu wakanionyesha mtu aliyeketi kivulini. Nikamtaja jina, akaitika, "Ndimi." Nikampa karatasi, akaweka alama ya kidole gumba, nikaondoka nikifurahi kwamba nimemaliza kazi kabla ya saa saba.

Ndugu zangu, mwajua majina ya kwetu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula au Nafula. Wa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu, na wa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Majira ni yale yale kila mwaka, na majina ya marehemu hurudi kwa wajukuu. Kata moja yaweza kuwa na watu watano wenye majina mawili yanayofanana, na pengine wawili kati yao ni watoto wa ndugu. Yule niliyempa samansi alikuwa binamu wa mdaiwa. Jina la kwanza lilikuwa lake, na la pili pia. Hakujua kusoma. Baadaye alisema alidhani ile ni barua ya malipo ya miwa, ambayo alikuwa akiingojea kwa muda mrefu.

Mdaiwa wa kweli hakupata habari hata moja. Siku za kujibu zikapita, mdai akaomba hukumu ya upande mmoja, akapewa. Yule mtu alijua kwamba ameshtakiwa siku walipokuja kumwondoa shambani, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Akakimbilia kwa wakili, akaomba hukumu itenguliwe, nami nikaitwa kortini niulizwe juu ya kiapo changu. Nakumbuka maswali yale kama jana.

"Ni nani aliyekuonyesha mdaiwa?"

"Watu wa sokoni."

"Majina yao?"

Nikanyamaza.

"Uliona kitambulisho chake?"

"La."

"Kiapo chako chasema mdaiwa alikuwa akijulikana kwako binafsi. Ulimjua kabla ya siku hiyo?"

Maneno hayo, "akijulikana kwangu binafsi," yalikuwa yamepigwa chapa ofisini kabla sijaondoka. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya: fomu ilikuwa tayari, tukijaza tarehe tu. Nilisimama pale mbele ya watu nikaona kwamba nimeapa kwa Mungu juu ya jambo nisilolijua. Hukumu ilitenguliwa, na ilistahili kutenguliwa. Mdaiwa alirudi shambani pake, lakini mahindi yalikuwa yamekwisha kuliwa na ng'ombe. Naye mdai, mzee ambaye naamini alikuwa na dai la kusikilizwa, alilazimika kuanza upya, na alifariki kabla kesi haijakwisha. Wanawe ndio walioirithi. Nyumba mbili ziliumia kwa sababu mimi niliharakisha kuliwahi jua.

Nawaeleza haya kwa sababu sheria inatuamini kuliko tunavyostahili. Mwaka 1987, katika kesi ya Shadrack arap Baiywo dhidi ya Bodi Bach, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kiapo cha mpeleka samansi huchukuliwa kuwa kweli mpaka anayekikanusha athibitishe vingine. Tafakarini uzito wa jambo hilo. Mwanamke mjane wa Bukembe anasema, "Sikuletewa kitu," nawe umeapa kwamba ulimletea: mahakama huanza kwa kukuamini wewe. Ndiyo maana kiapo cha uongo katika kazi hii ni wizi wa mali ya mtu akiwa amelala. Ni kweli pia kwamba udanganyifu ukigundulika mahakama haina huruma. Katika kesi ya James Kanyiita Nderitu ya mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu asiyefikishiwa samansi ipasavyo hutenguliwa kama haki yake, wala si kwa hisani ya jaji. Lakini ili ifike hapo sharti huyo mtu apate wakili, na nauli, na ajue kwamba kuna kitu cha kutengua. Wangapi wanajua?

Basi tuje kwenye kazi yenyewe.

Kabla hujatoka ofisini, isome hati. Nasema isome, si kuikunja. Je, ina saini na muhuri wa mahakama? Nambari ya kesi ndiyo iliyo kwenye nakala zote? Jina limeandikwa sawasawa, au Wekesa amekuwa Wakesa? Wadaiwa wakiwa watatu, una nakala tatu? Samansi hudumu miezi 12 tu tangu kutolewa, na nimeona mtu akisafiri hadi Kapsokwony na samansi iliyokwisha muda wake. Aliwakabidhi watu karatasi ya kufungia sukari.

Ukifika, tafuta mtu wa kukuonyesha mdaiwa, na uandike jina lake na anapokaa. Agizo la 5 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 lataka kiapo kitaje saa, namna ya makabidhiano, na jina na anwani ya aliyemtambulisha mdaiwa na kushuhudia, ikiwa yupo. Mzee wa kijiji anafaa, naibu wa chifu anafaa, hata jirani anafaa. Muulize mdaiwa mwenyewe jina la baba yake na la babu yake. Mwombe kwa adabu nambari ya kitambulisho. Akikataa, andika kwamba alikataa. Kwetu huku jina pekee halimtambulishi mtu.

Kisha andika papo hapo. Uwe na daftari, na ulifungue ukiwa bado umesimama langoni. Usingoje kufika mkahawani, na usingoje Ijumaa ukusanye za wiki nzima. Andika saa uliyofika na saa uliyoondoka, rangi ya mlango, mti ulio mbele ya nyumba, alichokuwa akifanya mdaiwa, na alilosema kwa maneno yake. Mtu akijibu, "Mwambie wakili wako aje mwenyewe anichukulie ng'ombe," liandike neno hilo kama lilivyo. Miaka mitatu baadaye, wakili wa upande wa pili atakapokusimamisha kizimbani, utakachokuwa nacho ni daftari hilo, na hakuna anayebuni jibu la namna hiyo juu ya ng'ombe.

Wengine hudhani kwamba mdaiwa asipotia saini kazi imeharibika. Sivyo. Sheria yasema umkabidhi, au umpe akatae. Mweleze kwa sauti ya kawaida hati hiyo ni nini, imetoka mahakama gani, na anatakiwa kufanya nini. Akiikataa, iache mbele yake uondoke, na kiapo kiseme hivyo. Mahakama yaweza kuamua kwamba amekabidhiwa vilivyo. Usimsukumie mkononi, usimfukuze kuzunguka ghala, wala usimtupie kama jiwe. Wewe si askari wala dalali wa mnada. Akikutishia ondoka, uandike vitisho vyake, umpelekee wakili wako.

Asipopatikana je? Hapa ndipo uvivu wetu ulipojificha. Sheria yaruhusu kumwachia mtu mzima wa familia anayeishi naye, lakini baada ya kujaribu mara za kutosha kumpata mwenyewe. Mara moja saa tano asubuhi, wakati kila mtu yuko shambani au amekwenda Bungoma mjini, si kujaribu. Nenda alfajiri, nenda jioni kabla ya giza, nenda siku ambayo si ya soko. Andika kila safari. Na huyo mtu mzima awe kweli mtu mzima na awe kweli wa familia. Kijana wa kuchunga ng'ombe si familia. Mtoto wa darasa la sita si mtu mzima, hata akisoma samansi kwa ufasaha kuliko baba yake. Mke aliyerudi kwao miaka miwili iliyopita haishi naye. Mlinzi wa lango la kampuni si katibu wa kampuni wala mkurugenzi wala ofisa mkuu, nao ndio wa kukabidhiwa kwanza kampuni inaposhtakiwa.

Na kubandika hati mlangoni? Hiyo ni njia ya mwisho, wala si ya mkato. Naomba niseme jambo linaloniuma. Katika mapigano ya ardhi ya miaka ya mwanzo ya tisini, watu wengi wa Trans Nzoia na wa mlimani Elgon walizihama nyumba zao. Mlimani wakazihama tena kati ya 2006 na 2008. Fikirini mtu aliyeukimbia moto, amejihifadhi kanisani au kwa jamaa, na mtu wa mahakama anakwenda kubandika samansi kwenye mlango wa nyumba ambayo kila mtu kijijini anajua imeachwa. Baadaye anaapa kwamba hapo ndipo mdaiwa "akaapo kwa kawaida." Kwa maandishi labda itapita, lakini mwenyewe ajua amebandika karatasi juu ya kaburi. Ukikuta nyumba tupu, uliza amekwenda wapi, andika ulivyojibiwa, umrudishie wakili aombe ruhusa ya mahakama kwa njia nyingine. Vilevile usivuke Malaba wala Lwakhakha ukiwa na samansi mfukoni kwa sababu umesikia mdaiwa yuko kwa shemeji yake ng'ambo. Nje ya nchi kuna utaratibu wake.

Jambo la matanga laniuliziwa sana, nami sitalikwepa. Ijumaa na Jumamosi huku kwetu ni siku za mazishi, na aliyejificha mwezi mzima utamkuta kwenye maziko ya jirani yake amevaa koti. Sijaona sheria inayokukataza kumkabidhi hapo. Lakini nakushauri usimfuate kaburini. Ngoja njiani mpaka watu watawanyike. Aibu utakayomtia mbele ya wakwe zake haisaidii kesi, na umati wenye huzuni huwaka upesi. Kuna hali moja tu isiyongoja, nayo ni amri ya kuzuia maziko yenyewe. Kesi ya S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987, iliifundisha nchi nzima kwamba mwili waweza kugombewa kortini kwa miezi. Ukipewa amri kama hiyo, usiende peke yako kusimama kati ya jeneza na shimo. Anzia kwenye chumba cha kuhifadhia maiti, ikiwa mwili bado uko huko, ukamkabidhi msimamizi nakala. Kisha nenda kwa chifu na kituo cha polisi. Watu wa bomani uwafikie pamoja nao, na umtafute mzee wa ukoo umweleze kabla hujatoa karatasi hadharani.

Siku hizi kuna simu. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu samansi ipelekwe kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe za simu, kwenye anwani au nambari ya mwisho inayojulikana kuwa ilitumiwa na mdaiwa. Vijana wameshangilia, na mimi pia, maana magoti yangu yamechoka. Lakini nambari ya simu nayo ina binamu. Laini huazimwa, huuzwa, hupotea, na simu moja yaweza kutumiwa na mama, binti na mjukuu. Lazima kiapo kionyeshe ulivyojua kwamba nambari ni yake na kwamba aliitumia, na kiambatishwe uthibitisho kuwa ujumbe ulifika. Piga picha ya ukurasa mzima unaoonyesha nambari, tarehe na alama za kufika; si picha ya samansi peke yake. Mpigie kwanza, umsikie akiitika kwa jina, ndipo utume. Ukiona alama moja tu kwa siku tatu, ujumbe haujafika, hata wakili wako akikukasirikia vipi.

Hapo nawageukia mawakili, kwa heshima zote. Mnatutuma mara tatu kwa nauli ya mara moja. Wengine hulipa pale tu tunaporudi na kiapo kwamba kazi imefanyika, na tukirudi tukisema "sikumpata," twaambiwa tujilipie wenyewe. Mtu mwenye njaa akijua kwamba ukweli haulipwi na uongo unalipwa, msistaajabu akiapa. Lipeni safari, msilipe matokeo. Na lile zoea la kuweka fomu zenye maneno yaliyokwisha kupigwa chapa ofisini, mlikomeshe. Mimi liliniponza.

Kwenu makarani: hati ya kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo, nawe ukiwa umesimama hapo. Sheria humtaka aandike mahali na tarehe ya kuapishwa. Usimpelekee rundo la viapo kumi vya watu wasiokuwapo. Ukishakiapa, weka nakala, na daftari lako ulitunze kama cheti cha shamba. Kibali chako cha mahakama kikague kabla ya kazi, usije ukaambiwa kortini kwamba ulipeleka hati bila idhini.

Nirudi sasa kwenye kesi za uchaguzi, maana najua wengi wenu hapa mtasimama vituoni kama mawakala, na baadhi yenu mtatumwa na hati baada ya kura.

Baada ya uamuzi wa 1999, wabunge wengi walijifunza kujificha. Katika kesi zilizofuata uchaguzi wa 2002, siku zilihesabiwa mtu akikimbizwa kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka 2005, katika kesi ya Abu Chiaba Mohamed iliyotoka Lamu, Mahakama ya Rufani ililegeza: kumkabidhi mtu mwenyewe ndiyo njia bora, lakini si njia pekee pale isipowezekana. Wananchi wenyewe wakalimaliza jambo hilo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 87 chasema hati ya kupinga uchaguzi yaweza kukabidhiwa moja kwa moja au kwa tangazo katika gazeti linalosambazwa nchi nzima. Nikisoma kifungu hicho naona lango lile la 1998.

Lakini muda haukuongezwa kwa wazembe. Ukiacha kesi ya urais, ambayo hufunguliwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7, kesi nyingine hufunguliwa ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa, na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 yatoa siku 15 baada ya kufungua ili wadaiwa wakabidhiwe. Siku 15 ni chache. Wadaiwa ni mshindi, Tume ya Uchaguzi, na mara nyingi msimamizi wa uchaguzi wa eneo, ambaye kazi ikiisha huondoka na hajulikani aliko. Usitumie siku kumi kumwinda mshindi nyumbani, ofisini na kanisani, kisha ukumbuke gazeti siku ya kumi na nne. Jaribu siku mbili tatu kwa bidii, na kama hapatikani tangazo litoke mapema. Tangazo likisomeka vibaya, au nambari ya kesi ikikosewa, uwe bado na siku za kurudia. Tunza ukurasa mzima wa gazeti wenye jina lake na tarehe, usikate kipande cha tangazo peke yake.

Hati ikifika na kesi ikasikilizwa, mambo hutukia. Mwaka 2013 Musikari Kombo aliupinga ushindi wa Moses Wetang'ula wa useneta wa kaunti hii. Kesi ilisikilizwa hapa hapa, katika Mahakama Kuu ya Bungoma. Mashahidi waliulizwa maswali, ushahidi ukapimwa, na tarehe 30 Septemba Jaji Francis Gikonyo akaubatilisha uchaguzi ule. Desemba watu wakarudi kupiga kura, na Wetang'ula akashinda tena. Wapo waliofurahi mara ya kwanza, wapo waliofurahi mara ya pili. Mimi nilifurahi mara zote mbili, na marafiki zangu wa kila upande hawajanisamehe.

Uchaguzi mkuu wetu huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Msingoje wiki hiyo ndipo mtafute mpeleka samansi mwenye kibali, wala ndipo mjue nyumba ya msimamizi wa uchaguzi iko upande gani wa Musikoma.

Nimeleta viapo sita vya zamani, majina yamefutwa kwa wino. Vitatu vilisimama kortini, vitatu vilianguka, na kimoja kati ya vilivyoanguka ni changu. Viko pale mezani kando ya birika la chai. Kila kundi lichukue kimoja, likisome, kisha mnieleze ni swali gani ambalo wakili wa upande wa pili angeanza nalo. Tutakutana hapa baada ya nusu saa.